Katikati ya siku zetu: watu wa umri wa katikati mbele ya kifo

Katika vitabu vyetu vya utume tuna mafundisho kwa watoto wanaojitayarisha kupokea Komunyo ya kwanza, tuna mafundisho kwa vijana wanaotaka kufunga ndoa, na tuna sala nzuri sana kwa wazee walio karibu kufa. Lakini kwa mutu wa miaka 45, mwenye afya, mwenye kazi, mwenye watoto sita na mama muzee ndani ya nyumba, hatuna karibu kitu. Tunamuomba muchango wa kanisa, tunamuchagua kuwa mushauri wa parokia, na siku ya kilio tunamuita kubeba sanduku. Yeye mwenyewe anawaza nini juu ya kifo? Maisha yake yanamupeleka wapi? Hayo hatumuulizi. Tunazani ya kuwa mutu huyu amesimama imara, kwa sababu wengine wote wanamuegemea.

Tunaandika haya tukiwawaza hasa watu wa Kabalo na wa vijiji vya kando ya reli. Kabalo iko kwenye Lualaba, karibu na mahali ambapo muto Lukuga, unaotoka katika ziwa Tanganyika, unaingia katika Lualaba. Reli ya Kabalo mupaka Kalemie, kilometa 273, ilimalizika mwaka 1915, na mwaka 1956 njia iliunganishwa na ile ya Kamina. Muji huu ni mutoto wa treni. Wanaume wengi wenye miaka 45 au 50 leo ni wana au wajukuu wa watu waliotumika kwenye reli, na baba zao waliamini ya kuwa kazi, nyumba na shule ya watoto ni vitu vilivyopangwa kama vyuma vya njia, kimoja nyuma ya kingine. Wana wao wameona ya kuwa sivyo. Treni hazipiti tena kama zamani, mishahara ilichelewa miezi na miezi, na mutu anafika umri wa baba yake bila kufikia yale baba yake aliyokuwa nayo. Hapo ndipo swali la maana ya maisha linapoanza, mbele hata ya swali la kifo.

Tuseme kwanza neno moja juu ya hesabu, maana tumesikia wakatekista wakilikosea. Umoja wa Mataifa unahesabu ya kuwa urefu wa maisha katika Kongo yetu unakaribia miaka 60. Mutu wa miaka 45 akisikia hivi anatoa 45 katika 60, anabakiza 15, na anaogopa. Hesabu hiyo si ya kweli kwake. Namba ile inateremshwa na watoto wengi wanaokufa mbele ya kutimiza miaka 5. Mutu aliyekwisha kupita hatari za utoto na kufika miaka 45 anaweza kutumaini zaidi ya miaka 20 tena. Lakini kuna namba nyingine inayomugusa kweli: karibu nusu ya wakaaji wa inchi yetu hawajatimiza miaka 15. Kwa hiyo mutu wa miaka 45 katika Kabalo ni muzee katikati ya umati wa watoto. Kijana anainuka na kumuachia kiti, anamuita "muzee", naye anageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Mutu akiwa kijana anahesabu miaka tangu kuzaliwa. Siku moja, bila kujua imekuja namna gani, anaanza kuhesabu miaka inayobaki. Mwaka 1965 munganga mumoja wa mambo ya roho za watu, Elliott Jaques, aliandika ya kuwa shida ya umri wa katikati ni hii hasa: kifo kinaacha kuwa habari ya watu wengine na kinakuwa habari yangu. Hatulazimishwi kukubali mambo yote ya elimu ile, lakini hapa alisema kweli. Tena wale wanaochunguza mambo haya wameona mara nyingi jambo linaloweza kushangaza musemineri kijana: wazee sana hawaogopi kifo kuliko wengine. Woga ni mukubwa zaidi kwa wale walio bado na mizigo. Ukifikiri kidogo, utaona sababu. Muzee amekwisha kuona wajukuu; akiondoka, nyumba inabaki imesimama. Mutu wa miaka 45 akiondoka, ni nani atakayelipa shule? Ni nani atakayeuguza mama? Anaogopa kufa, ndiyo. Lakini zaidi anaogopa kufa mbele ya kumaliza.

Wankambo wetu walijua tofauti hii vizuri kuliko vitabu. Padri Placide Tempels, Mufransisko wa Ubelgiji aliyefika Katanga mwaka 1933, aliandika kitabu juu ya mawazo ya Wabantu, kilichotoka Elisabethville mwaka 1945. Alieleza ya kuwa kwa Baluba aliokaa nao, wema wote ni uzima unaoongezeka, na ubaya wote ni uzima unaopunguka. Watu wenye elimu walimukosoa, kama Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni mwaka 1968, na sisi pia tunaona ya kuwa alisema "Wabantu" pahali pa kusema "Baluba". Lakini juu ya Baluba hakuota ndoto. Muzee mwenye watoto na wajukuu akifa, watu wanalia, kisha wanacheza ngoma, na jina lake linapewa mutoto. Uzima wake umepita kwa wengine. Mutu akifa katikati ya nguvu zake, uzima umekatwa kama muti wenye matunda mabichi. Hakuna ngoma. Kuna swali moja tu, nalo linasemwa kwa sauti ya chini kandokando ya moto: Nani amemula?

Hapa tunapenda kukaa zaidi, kwa kuwa hapa kazi ya padri na ya katekista ni ngumu kabisa. Swali hili linaharibu umri wa katikati pande mbili. Mutu wa miaka 45 ndiye anayezaniwa kuwa ameliwa, na mara nyingi ni yeye tena anayetafuta mwenye kosa, maana ni yeye kichwa cha jamaa. Anapoanza kusikia kichwa kikiuma, moyo ukipiga mbio, macho yakiona giza, haendi kupimwa tansio. Anaangalia jirani, shemeji, mama mudogo asiye na mutoto. Feza iliyotoshea dawa inaliwa na mufumu. Na akifa, muzee mumoja anafukuzwa kijijini, au mutoto yatima anapigwa na kuitwa mulozi. Wakatekista wote wameona jambo hili. Kifo kimoja kinazaa kifo cha pili, na mara hii wauaji ni wakristu waliobatizwa.

Tufanye nini? Wengine kati yetu wanasimama katika kilio na kusema ya kuwa ulozi haupo, basi. Hatufikiri ya kuwa neno hili linasaidia. Yeye aliyefiwa hakuuliza kama ulozi uko ao hauko. Aliuliza kwa nini ndugu yake, kwa nini sasa, na kazi haijaisha. Ukimujibu jambo ambalo hakuuliza, atanyamaza kwa heshima, na usiku ataenda kwa mufumu. Inafaa kwanza kukubali ya kuwa swali lake ni swali la haki. Ayubu aliuliza swali lile, na mwishoni mwa kitabu Mungu alikasirikia wale rafiki watatu waliokuwa na majibu tayari, wala si Ayubu. Kisha, siku zikipita, mwambie polepole mambo ya mwili: ya kuwa tansio inaweza kumukamata mutu miaka mingi bila maumivu yoyote, ya kuwa sukari inakula miguu na macho, ya kuwa umri wa miaka 40 ndio saa ya kuanza kupimwa hata bila ugonjwa. Katekista anayesema hivi hafanyi kazi ya munganga peke yake. Anaokoa muzee asifukuzwe.

Tena tusisahau ya kuwa Kabalo imezika watu wengi ambao hakuna aliyeuliza nani amewaua, maana kila mutu aliona. Tangu mwaka 2013 vita kati ya Baluba na Batwa ilichoma vijiji katika Nyunzu, Manono na Kabalo, na miaka ya 2016 na 2017 moto ule uliwaka tena. Watu waliokuwa na miaka 35 wakati ule wamefika sasa umri tunaousema. Wengine wameona mabaya, wengine wameyafanya. Kwao wazo la kifo linakuja limefungamana na hesabu nyingine ambayo hawajailipa, na mahali pake ni kitubio, si mazungumzo juu ya maana ya maisha.

Sasa tufungue Maandiko Matakatifu. Kuna mutu mumoja ndani yake aliyekutana na kifo katika umri wa katikati, na Eklezia inaimba wimbo wake katika Sala ya Asubuhi kwa ajili ya wafu: mufalme Hezekia, katika sura ya 38 ya nabii Isaya. Tuhesabu. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasema ya kuwa alianza kutawala akiwa na miaka 25, akatawala miaka 29. Basi alikufa akiwa na miaka 54. Lakini Mungu alikuwa amemuongezea miaka 15. Maana yake ni kwamba ugonjwa ulimushika akiwa na miaka 39. Analia ya kuwa anaingia milango ya kuzimu katikati ya siku zake. Anageuza uso kwa ukuta. Anamukumbusha Mungu mema aliyoyafanya. Kila baba wa jamaa anayelala kwenye kitanda cha hospitali atajitambua katika mufalme yule.

Mara nyingi mahubiri yetu yanaishia pale, penye uponyaji. Lakini Isaya anaendelea, na sura ya 39 ni ya kuhuzunisha kuliko ugonjwa. Hezekia, akiisha kupona, anapokea wageni wa Babeli na kuwaonyesha feza, zahabu na mali yote ya nyumba yake. Nabii anamuambia ya kuwa mali ile itachukuliwa Babeli, na wana wake pamoja nayo. Naye anajibu ya kuwa neno hili ni jema, kwa maana anawaza moyoni: katika siku zangu kutakuwa amani. Tazama! Mutu aliyelia ili aongezewe miaka, ameipata, na anaitumia kwa kuonyesha vitu vyake. Juu ya watoto wake hajali. Tena mwana wake Manase alianza kutawala akiwa na miaka 12: alizaliwa basi ndani ya ile miaka 15 ya zawadi, na hakuna mufalme wa Yuda aliyefanya ubaya kumupita. Maandiko hayasemi Hezekia alimulea namna gani. Yanatuachia hesabu tuifanye sisi. Mutu anaweza kuokolewa na kifo na asijue aliokolewa kwa ajili ya kazi gani.

Padri Tempels huyo huyo tuliyemutaja alikuwa na miaka 47 mwaka 1953, alipoanza huko Kolwezi, katika muji wa watu wa mugodi wa Musonoi, kazi iliyozaa Jamaa. Wazee wa Katanga wanakumbuka maneno matatu yaliyokuwa moyo wa mafundisho yake: uzima, uzazi, mapendo. Wale waliokuja hawakuwa vijana wa shule. Walikuwa baba na mama wenye ndoa, watu waliochoka na kazi ya mugodi, waliokwisha kuzaa na kuzika. Aliwafundisha ya kuwa uzazi hauishi katika tumbo la mama: mutu anazaa watu katika roho kwa mapendo, na uzazi ule haufungwi na umri wala na utasa. Mwaka 1950 Erik Erikson, huko Marekani, alikuwa amekwisha kuandika jambo linalofanana: ya kuwa kazi ya mutu wa umri wa katikati ni kuwalinda na kuwakuza wale wanaomufuata, na asipoifanya anakauka. Watu wawili wasiofanana, waliona kitu kimoja. Baadaye Jamaa iliingiwa na makosa, maaskofu walilazimika kuyakaripia, na wengine walitengana na Eklezia. Hatuandiki ili kuifufua. Lakini ni haki kusema ya kuwa, kati ya vyama vyetu vya kikristu, Jamaa ndiyo iliyowaita hasa wale wa katikati na kuwapa neno lao. Leo tuna vyama vya watoto, vya vijana, na Mama wa aina nyingi; baba wa miaka 50 tunamukuta nje ya kanisa, chini ya mwembe, akingoja Misa iishe.

Tungependa sasa kusema na wasemineri, maana wao pia, Mungu akipenda, watafika miaka 45. Ninyi munaozani ya kuwa jaribu kubwa la padri ni la ujana, sikilizeni Evagri, mumonaki wa jangwa la Misri aliyekufa mwaka 399. Alifundisha juu ya shetani wa uvivu wa roho, ambaye walimu wa jangwa walimupa jina la shetani wa muchana, kwa neno lililo katika Zaburi ya 91. Evagri anasema ya kuwa huyu anamushika mumonaki kuanzia saa ine na kumuzunguka mupaka saa nane. Wazungu wanapaswa kugeuza saa zile ili wazifahamu. Sisi hapana, maana ni saa zetu zilezile: jua linapanda, jua limesimama, na mumonaki anaona ya kuwa siku haisogei. Anachungulia mulangoni. Anachukia chumba chake, anachukia kazi ya mikono, anakumbuka nyumba ya baba yake, na anahesabu miaka mirefu inayobaki. Waalimu wa roho walifahamu baadaye ya kuwa saa ile ya muchana ni pia saa ya maisha. Yohani Tauler, Mudominikano wa Strasbourg aliyekufa mwaka 1361, alihubiri ya kuwa mutu asitumainie amani ya kweli mbele ya miaka 40, na kwamba inafaa angoje tena miaka 10. Kwa Tauler musukosuko wa miaka ile haukuwa alama ya wito uliopotea. Ni nyumba inayopinduliwa na mwenye kutafutwa ndani yake.

Padri wa miaka 45 anaona wenzake wa darasa wakioza mabinti. Kijijini wanamuita baba, lakini kwa kanuni ya wankambo yeye ni muti usio na matunda: jina lake litapewa nani? Swali hili haliishi siku ya upadrisho. Linalala miaka 15 au 20, kisha linaamuka. Na likiamuka bila mutu wa kusema naye, tunajua padri anafanya nini: anajenga nyumba ya pili mujini, anatafuta cheo, anakunywa, au anajitafutia jamaa kwa siri. Tunawaomba walezi wa seminari wasiliite zambi mara moja. Ni swali la uzazi, na jibu lake liko katika maneno matatu tuliyoyataja juu. Lakini inapasa alisikie angali na nguvu, na alisikie kwa padri aliyepita pale.

Kuhusu sakramenti ya wagonjwa, tunasema kwa kifupi. Mutaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulifundisha ya kuwa mupako huu si sakramenti ya wale tu walio mwishoni kabisa mwa maisha, na Papa Paulo wa 6 alipanga kanuni yake mupya mwaka 1972. Zaidi ya miaka 50 imepita, na bado jamaa ya mugonjwa wa miaka 48 inamufukuza padri mulangoni, kwa sababu wakiona mafuta wanaona kaburi. Parokia inayofanya siku moja kwa mwaka ya kupaka wagonjwa wote pamoja ndani ya Misa, wale wanaoanza kuwa katika hatari na wale wazee waliozaifika, inaponya woga huu kuliko mahubiri kumi. Watu wanaona ya kuwa mugonjwa amepakwa na amerudi nyumbani kwa miguu.

Tumalizie na mutu mumoja wa kwetu. Wenye heri wetu wa Kongo wanaojulikana zaidi walikufa vijana: Isidori Bakanja mwaka 1909, Anuarite mwaka 1964, na Floribert Bwana Chui mwaka 2007, hakuna aliyefika miaka 30. Ni vizuri kwa vijana. Baba wa miaka 50 anawasifu kama anavyosifu watoto wake. Lakini tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Eklezia ilimutangaza kuwa Mwenye heri padri Albert Joubert, pamoja na wamisionari watatu Waksaveri, Luigi Carrara, Giovanni Didoné na Vittorio Faccin. Joubert alizaliwa mwaka 1908 huko Mrumbi, upande wa Moba, katika provinsi yetu ya Tanganyika, mwana wa kapiteni Joubert Mufaransa na wa Agnes Atakaye. Alipata upadri mwaka 1935. Wale Wataliano watatu walikuwa na miaka 30 hivi. Yeye alikuwa na miaka 56, na karibu miaka 30 ya kazi nyuma yake: saa ambayo mutu anajua vizuri anachoacha. Aliuawa Fizi pamoja na padri Didoné tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi. Siku hiyo iko ndani ya mwezi wa wafu, kisha ya watu kusafisha makaburi, na katekista anayetafuta la kusema katika kilio cha mutu wa miaka 50 anaweza kulitaja jina lake.